Marceline, Mwimba Wafu wa Shituru

Mtu akifa Likasi katika miaka ile, wajumbe wawili waliondoka pale nyumbani. Mmoja alikwenda kumwarifu mupe, yaani padri, wa parokia, mwingine alikwenda mtaa wa Shituru kumwita Marceline. Mupe aliweza kuchelewa na watu wakamvumilia. Marceline hakuchelewa hata mara moja.

Baba yake alimwita Ngalula. Jina la Marceline alilipata alipobatizwa kwa mapadri, naye akalipenda zaidi, kwa sababu mama yake alilitamka kwa kulivuta mwishoni, kama mtu anayeita kuku warudi bandani. Alifika mjini kwa treni kutoka Kasai akiwa na miaka tisa, wakati mji bado unaitwa Jadotville. Alipokuwa mwali aliolewa na Joachim, mfanyakazi wa reli ya kampuni ya madini, mtu mpole aliyependa kujipigia pasi suruali zake mwenyewe. Kampuni iliwapa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili karibu na kiwanda cha shaba. Mabati ya huko yaliliwa na moshi wa asidi hadi yakatoboka kama chujio, na mwanamke mwenye akili hakuanika shuka nyeupe kabla ya kutazama upepo unatoka wapi.

Kazi ya kuimba alifundishwa na Emérance, dada wa baba yake. Aliimba kasala, utenzi wa Waluba wa Kasai. Katika kasala mtu huitwa kwa majina yake, na ya baba yake, na ya ukoo, kila jina na sifa yake, mpaka aliyelegea asimame, na aliyekufa aonekane kama amesimama kati ya watu. Marceline alianza kwa kuita, “Mwiteni, njia imemmeza!” na wanawake waliokaa mikekani walimjibu, “Tumwite!” Kisha alishuka jina kwa jina. Wanaume waliokaza nyuso tangu asubuhi walianza kulia hapo, na kulia kwao kuliwafungua, wakaweza kubeba jeneza.

Emérance alimpa na onyo. Alisema kasala ni kama shoka la makali mawili. Zamani, kwenye baraza la mulopwe, yaani mfalme, mwimbaji alikaa karibu na mkeka wa mkubwa. Kila asubuhi alimwita kwa sifa zake zote, na katikati ya sifa alimwambia, chui wa mabonde, watu wako wa ng'ambo wanalala njaa na wewe unanenepa. Mulopwe hakuruhusiwa kukasirika. Akikasirika, watu walisema mtu huyu anataka jina lakini hataki kuitwa.

“Mwenye kusifu tu haimbi,” Emérance alikuwa akimwambia. “Anaramba.”

Halafu ikaja miaka ya Guide, yaani Kiongozi. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi, na ingawa aliitwa rais, alijitengenezea mambo yote ya kifalme: kofia ya ngozi ya chui, fimbo ya kuchongwa, kiti cha peke yake. Aliyoyapenda yakawa sheria, na aliyoyachukia yakafichwa kabatini. Alichukia tai, basi mafundi cherehani wa mtaa wa Kikula wakajifunza kushona makoti ya kufunga mpaka shingoni. Mwaka 1972 alikataza majina ya ubatizo na kuamuru kila mtu aitwe sitwayeni, yaani raia, basi watu wazima wakaenda kupanga foleni wapewe vitambulisho vipya kana kwamba wamezaliwa jana. Michel, mchoraji wa Kikula aliyekuwa akipamba baa kwa picha za mamba-muntu, nusu mwanamke nusu samaki, mwenye nywele ndefu, alianza kuchora mienge na chui, kwa sababu baa isiyo na chui ilitembelewa na watu wa chama. Na kwa kuwa Guide alipenda kuimbiwa na kuchezewa, nchi nzima iliimba na kucheza. Manesi walicheza kabla ya kufungua zahanati. Walimu walicheza kabla ya kufundisha. Jambo hilo liliitwa animasyo, na kila kampuni, kila shule, kila ofisi ilitakiwa kuwa na kikosi chake.

Mkuu wa animasyo wa Likasi alikuwa Adrien. Mwanzo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya parokia, Mkasai kama Marceline, mrefu, mwembamba, mwenye sikio la ajabu. Sauti moja ikipotea kati ya waimbaji arobaini, macho yake yalikuwa tayari juu ya aliyeipoteza. Wengine walisema cheo hicho alikiomba. Wengine walisema aliombwa, kwa namna ambayo haikataliwi.

Siku moja mwaka 1974, mchana, alikuja nyumbani kwa Marceline na kuketi bila kungoja kukaribishwa.

“Mama Ngalula,” alisema.

“Mwalimu Adrien, karibu.”

“Adrien haiko tena. Weye niite sitwayeni Tshibangu, hata humu ndani. Kibambazi iko na masikio.” Akafuta jasho shingoni, pale koti lilipobana. “Guide atapita Likasi mwezi ujao. Kolwezi beko na bachezaji mia tano. Shiye tuko na weye. Utamuimbia kasala.”

“Minye naimbaka bantu benye kufa, mwalimu.”

“Lwimbo ni moja. Kintu ya kubadilisha njo jina tu.”

“Jina njo lwimbo yenyewe.”

Adrien alitazama ukuta, akatazama dari, kila mahali isipokuwa uso wa mwenyeji wake. “Joachim iko na miaka ngapi ku kampuni?” aliuliza.

“Kumi na tisa.”

“Na nyumba hii ni ya kampuni.”

Adrien alipotoka, Marceline alibaki amekaa na kisu mkononi na majani ya muhogo ya kupika sombe mapajani, na hakuyakata.

Alikubali kwa ajili ya Joachim, na hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hakumwambia yeyote. Tangu utoto alikuwa amewaimbia watu wasiosikia. Usiku ule na siku zilizofuata alijiwazia amesimama mbele ya mulopwe aliye hai, mulopwe wa nchi nzima, akimwita hata ageuze shingo. Wazo hilo lilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliomfanya achague mistari iliyo mizuri kuliko yote.

Mazoezi yalifanyika kila alasiri kwenye uwanja wa mpira. Wanawake mia mbili walivaa kitenge chenye uso wa Guide, uso mmoja kifuani na mwingine makalioni, na waliocheka hilo walicheka kwa kuinamia chini. Adrien alichukua mwito wa matanga, akauharakisha, akautia ngoma. Marceline akiita, “Mwiteni!” wanawake walijibu, “Tumwite!” kisha wakapiga makofi matatu makavu na kutaja vyeo vya mkubwa. Ulikuwa mwitikio mzuri. Baada ya wiki mbili watoto wa Shituru waliupiga wakicheza kamba, na wafanyakazi waliupiga wakisukuma mabehewa. Marceline aliusikia kila mahali, na wakati mwingine, Mungu amsamehe, alijivuna.

Mdogo wake, Rosalie, aliishi Kikula, ukingoni mwa barabara kubwa. Mumewe Benoît Mulumba alikuwa seremala, mtu wa kicheko kikubwa, aliyetengeneza milango. Yeye ndiye aliyeamriwa kusimamia jukwaa la wageni pale uwanjani. Kamati ya mapokezi ilitaka liwe refu kuliko la mji mwingine wowote. Benoît aliwaambia mbao ni mbichi na mvua bado inanyesha, tungoje siku mbili zikauke. Wakamjibu kwamba Guide hangoji mbao.

Jumatano aliteleza kutoka juu ya paa la jukwaa akiwa ameshika nyundo. Marceline alikuwa uwanjani, katikati ya wimbo. Aliona watu wakikimbia, na ngoma ikaendelea kidogo kwa sababu wapigaji walikuwa wamegeuzia jukwaa migongo. Alipofika, Benoît alikuwa amekwisha kata roho, na machujo ya mbao yalikuwa yamemganda usoni kwa mvua.

Guide alitazamiwa Jumamosi. Alhamisi mtu wa kamati alifika kwa Rosalie, akawakuta wanawake wametandika mikeka uani na vilio vimeanza. Alizungumza kwa adabu. Alisema msafara utapita mbele ya mlango huu. Alisema Guide ni mtu wa furaha, amekuja kuona watu wenye furaha, na hataki kuona majivu kichwani mwa mtu. Kwa hiyo mikeka iingie ndani, vilio vikome mpaka mgeni apite, na kuta zipakwe chokaa upande wa barabara. Maiti izikwe Jumamosi alfajiri kabla barabara haijafungwa, na wasindikizaji wasizidi wanne.

Rosalie hakubishana. Alimgeukia dada yake. “Yaya, weye utakuwa kati ya bale bane?”

“Jumamosi saa kumi na mbili banatuita ku uwanja,” Marceline alisema.

“Nimekuuliza kama utakuwa.”

“Nitakuja.”

Jumamosi kabla ya jua kuchomoza Marceline alitoka nyumbani amevaa kitenge cha animasyo, na juu yake amejifunga kingine cheusi. Njia ya Kikula ilikuwa kushoto, ya uwanja kulia. Pale njia panda lilisimama lori la kampuni likipakia wanawake, na karibu yake Adrien, ana karatasi, anaita majina. Alipoita “Ngalula,” Marceline aliitika. Baadaye, miaka mingi, alijaribu kukumbuka kama alifikiri lolote kati ya kuitwa na kuitika. Hakukumbuka kitu. Alivua kitenge cheusi, akakikunja, akapanda lori.

Benoît alizikwa na watu watatu na mkewe. Hakuna aliyemwita.

Uwanjani waliimba tangu saa moja. Kwenye jukwaa lililomuua seremala kiliwekwa kiti kikubwa kilichofunikwa kwa ngozi ya chui. Saa sita jua lilikuwa kali, wanawake wawili wakaanguka, wakavutwa kando kwa miguu ili safu isivunjike. Saa tisa ilitangazwa kwamba Guide amebadilisha safari, amepita angani, hatashuka Likasi. Watu walianza kulegea. Ndipo mtu wa kamati alipopanda na picha kubwa, akaisimamisha juu ya kile kiti, akasema wapiga picha wamekwisha fika na wimbo uendelee. Marceline alisimama mbele ya kiti hicho, akaita sifa zote alizozipanga, kila moja mahali pake, kwa sauti iliyofika hadi kwenye reli. Picha ilikuwa ya karatasi. Upepo ulipovuma iliinama kidogo, na wanawake wakashangilia.

Siku ya arobaini Rosalie alimaliza matanga, na safari hii hakuna aliyemkataza. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Ua ulijaa. Marceline alikaa katikati, na kwa muda mrefu hakuweza kuanza. Watu walidhani ni uchungu. Kisha akainua kichwa.

“Mwiteni, njia imemmeza!”

“Tumwite!” wanawake walijibu. Na mara makofi matatu makavu yalilia. Watoto uani walikuwa wameyapiga, na wasichana, na hata mjane wa jirani, mama mtu mzima, ambaye baadaye alikaa akitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Midomo ya baadhi yao ilikuwa imekwisha kutamka cheo cha kwanza cha Guide kabla hawajajizuia.

Marceline alijaribu tena, kwa kuanzia chini, kwa jina la baba yake Benoît. Lakini kila sifa aliyoigusa alikuwa amekwisha mpa yule mwingine. Nguzo isiyouliza ni nani ameiegemea. Mto unaolala bila kukauka. Watu waliisikia mistari hiyo na miguu yao ikakumbuka hatua. Hakuna aliyelia. Wimbo ulikwisha, wakala bukari, yaani ugali, wakaondoka mapema.

Rosalie alimsindikiza dada yake hadi barabarani. Ukuta wa nyumba bado ulikuwa mweupe kwa chokaa.

“Mulume yangu alitengeneza mulango ya batu bote humu Kikula,” alisema. “Na weye ulichukua mulango yake ya kutokea, ukamupa muntu mwingine.”

“Rosalie, bangefukuza Joachim.”

“Najua. Sikusema ulikosea. Nasema vile iko.”

Kwa miezi kadhaa hawakutembeleana.

Mwaka uliofuata kikosi cha Likasi kilichaguliwa kwenda kushindana Lubumbashi, mbele ya wakubwa wa mkoa. Marceline hakutafuta kisingizio. Joachim alimwona akikaa mlangoni jioni, midomo ikicheza bila sauti, akajua anatunga. Alimuuliza anatunga nini, naye akasema, “Kile ambacho Emérance alinifundisha.” Joachim alikuwa mtu wa kuelewa pole pole, lakini hilo alilielewa upesi. Alikwenda kupiga pasi suruali. Baada ya muda alisema kutoka ndani, “Kama ni ya kusema, sema. Nyumba ni matofali tu.”

Lubumbashi ukumbi ulikuwa umejaa makoti yaliyofungwa shingoni. Marceline alianza kama kawaida, kwa Kiswahili, na makofi yakaja. Kisha akahamia Kiluba cha nyumbani, ambacho wengi mle hawakukijua, na ngoma zilipokuwa zikilia akasema yale aliyokuja kuyasema. Alimwita Benoît Mulumba mwana wa Ntita. Alisema, chui, mtu huyu alikujengea kiti wakati wa mvua na hukuja kukikalia. Alisema, alizikwa na watu watatu na mjane wake akifungwa mdomo, ili usikie furaha. Alisema, mulopwe asiyetaka kuambiwa ataitwa na nani siku yake? Alimaliza akiwa amefumba macho, akingoja mkono wa askari begani.

Kilichokuja kilikuwa makofi. Ukumbi mzima ulisimama. Mzee mmoja wa meza kuu, aliyevaa nishani, alimwinamia Adrien akauliza maneno yale ya mwisho yana maana gani, kwa kuwa yalimsisimua. Adrien alijibu kwa ufupi, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

Walipewa nafasi ya kwanza. Juma lile lile wimbo ulirekodiwa kwa ajili ya redio.

Kwenye lori la kurudi Likasi, Marceline alikaa karibu na Adrien.

“Weye unajua Kiluba, mwalimu.”

“Najua.”

“Ulisikia.”

“Nilisikia yote, mama. Hata mahali ulivuta pumzi, nilisikia.” Alizungumza akitazama vichaka vikirudi nyuma.

“Na ukabaambia nini?”

“Nilibaambia Mulumba mwana wa Ntita ni jina ya zamani ya chui. Jina ya kifalme.” Alifungua kifungo cha koti shingoni. “Ungetaka nibaambie nini? Ungelala gerezani leo, na minye pamoja na weye.”

Marceline alikuwa amejiandaa kwa gereza. Kwa hilo lililompata hakuwa amejiandaa hata kidogo.

Kwa sababu kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya habari, redio ya mkoa iliimba jina la seremala wa Kikula kama cheo cha Guide. Mwaka haujaisha, lilikuwa limeingia katika nyimbo za vikosi vingine. Watoto wa shule walilipigia makofi matatu. Michel mchoraji aliliandika kwa rangi nyekundu chini ya chui kwenye ukuta wa baa, na aliyeagiza picha hiyo hakujua kwamba mwenye jina alikuwa ndiye aliyetengeneza mlango wa baa ile ile.

Na Rosalie alisikiliza. Watu walitazamia avunje redio. Badala yake aliiweka dirishani, akaketi karibu nayo kila asubuhi akichambua maharagwe, na jina lilipotajwa aliacha kuchambua hadi lipite. Marceline alipokuja siku moja kumwomba radhi, alimkuta hivyo.

“Angalau banamuita,” Rosalie alisema. “Weye njo ulifanya bamuite. Sijui nikushukuru ao nikufukuze.”

Akamsogezea kigoda. Walichambua maharagwe pamoja, na tangu siku hiyo walitembeleana, ingawa hawakuzungumzia wimbo.

Baada ya hapo Marceline hakuimba tena kwenye matanga. Kwanza yeye alikataa, baadaye watu waliacha kumwita. Kijana mmoja wa kwaya aliletwa mahali pake, akaimba nyimbo za kitabuni. Kwenye animasyo aliendelea, akisukumwa na mazoea na hofu, hadi magoti yakamshinda, wakamruhusu kukaa. Joachim alikufa mwaka 1986, kifua kikiwa kimejaa vumbi la miaka thelathini na moja. Jeneza lilipopigwa misumari, wazee walimtazama Marceline, wakingoja. Alilia kwa machozi tu, kama mwanamke mwingine yeyote, na jina la Joachim likaenda chini likiwa moja.

Mwaka 1990 Guide mwenyewe alitangaza kwamba vyama vingine vinaruhusiwa, na animasyo ikafa siku moja, kama taa inayozimwa. Watu walivaa tai walizozificha. Adrien, aliyekuwa amezeeka, alirudi parokiani kuomba aongoze kwaya, wakamwambia asubiri.

Lakini watu waliokuzwa kwa kuimba kwa amri hawaachi mara moja. Mwaka 1992 wakubwa wa siasa walipoanza kusema kwamba shida za mkoa wao wa Katanga zimeletwa na watu wa Kasai, vijana waliingia barabarani. Marceline aliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuja Shituru kwa safu, kwa hatua zile zile, na mmoja aliita na wengine wakajibu, kisha makofi matatu makavu. Maneno yalikuwa mapya. Waliwaita Wakasai bilulu, yaani wadudu, na walitaka wadudu watoke. Wengi wa vijana hao hawakuwa na sababu ya kumchukia Marceline. Walijua tu kujibu.

Mélanie, jirani yake kwa miaka ishirini, mama wa Kisanga, kabila la wenyeji wa Katanga, aliyezaliwa huko huko Likasi, alisimama mlangoni kwa Marceline akawaambia vijana nyumba hii ni yake yeye mwenyewe. Walimwambia aondoke. Aliondoka baada ya kupigwa jiwe. Marceline na Rosalie walifika kwenye kituo cha treni na godoro moja na sufuria.

Pale kituoni walikuwa maelfu, wakingojea treni ya Kasai ambayo haikuja, siku baada ya siku, kisha mwezi baada ya mwezi. Walilala kwenye sakafu, chini ya mabehewa, chini ya maturubai. Mélanie, jicho likiwa bado limevimba, alileta bukari kila alipoweza. Surua iliingia, na kuhara. Watoto walianza kufa, na wazee, na walizikwa kwa haraka, wakati mwingine wawili pamoja, bila neno.

Adrien alikuwa upande wa pili wa jukwaa la abiria na binti yake Suzanne. Alikufa asubuhi moja ya mvua. Suzanne alivuka reli, akapiga magoti mbele ya Marceline.

“Mama, najua mambo baba yangu alifanya. Aliniambia. Lakini hapa hakuna mupe, na muntu haiko mbwa.”

“Usiende, yaya,” Rosalie alisema. “Juu ya huyu, apana.”

Marceline alinyoosha mkono ainuliwe. Alimuuliza Suzanne majina ya babu yake, na ya baba wa babu, na kijiji, akayarudia mpaka yakakaa. Halafu akamwimbia mfu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba. Sauti yake ilikuwa imekauka, hivyo aliyesimama mbali hakusikia kitu. Alimwita Adrien Tshibangu, sikio lisilopotewa na sauti hata moja. Alimwambia, ulimsikia Benoît, ukamvika ngozi ya chui. Alimwambia, ulituogopesha kwa sababu uliogopa. Alimwambia, ulifundisha mji kupiga hatua, na hatua hizo zimepita juu yetu na juu yako. Alimwambia, baba wa Suzanne, nenda, usisimame mlangoni. Suzanne alilia kwa kelele. Watu waliokuwa wamelala waliinuka wakaja, na wanne walimbeba.

Jioni ile ile mama mmoja asiyemfahamu alimletea jina la mtoto. Kesho yake wakaja watatu. Aliwaimbia wote, akiuliza kwanza, akisema mema na makosa hata ya wale wadogo, hata kosa la kukataa kunyonya.

“Na Benoît?” Rosalie aliuliza siku moja. Hakuuliza kwa hasira.

“Ya Benoît siiwezi tena,” Marceline alisema. “Kila nikiishika, napata yule mwingine ndani.”

Rosalie aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekwisha jua.

Treni yao iliondoka mwaka 1993, mabehewa ya wazi, watu juu ya mizigo. Safari ilichukua siku kumi na moja. Walishuka Mwene-Ditu, mji ambao hawakuwa na mtu, wakapewa kona ya nyumba na familia ya parokia. Marceline hakupata nguvu tena. Alikufa mwaka uliofuata, wakati wa kupanda mahindi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu hivi.

Kaburini walikuwa watu sita. Mtu aliuliza kama kuna wa kumwita. Rosalie, ambaye hakuwahi kuimba maishani mwake, alisogea ukingoni. Jina la kwanza alilivuta mwishoni, kama alivyofanya mama yao. La pili alilisema sawasawa. La baba alilisema, na la babu. Zaidi ya hapo hakujua, kwa kuwa dada yake ndiye aliyeyajua yote. Alisimama akifikiri, watu wakimngoja na majembe. Kisha aliyarudia yale manne tena, akarudi nyuma, wakafukia.